Chini ya dhahabu kuna wakazi wengine: Nani atawahesabu?

Na Mwandishi Wetu

NOVEMBA 2015 taifa lilipigwa na butwaa pale wachimbaji wadogo watano walipotolewa wakiwa hai kutoka shimo la Nyangalata, Kahama, mkoani Shinyanga, baada ya kufukiwa kwa siku 41. Walipoulizwa waliishije muda wote huo gizani, walisimulia kwamba walikula mende, vyura na wadudu wengine, na kunywa maji machafu yaliyokuwa yakipenya kutoka juu.

Wengi wetu tuliishia kumshukuru Mungu na kujadili usalama wa mashimo ya wachimbaji wadogo, jambo ambalo lilistahili kujadiliwa. Hata hivyo, simulizi ile ilibeba funzo jingine ambalo halikupewa nafasi. Mita nyingi chini ya ardhi kulikuwa na maji, na palipokuwa na maji palikuwa na uhai.

Mende na vyura wa Nyangalata walikuwa wageni tu kule chini. Waliingia kwa mlango uleule walioingilia wachimbaji. Lakini duniani kote wapo wanyama ambao si wageni wa chini ya ardhi. Wanazaliwa, wanakua na kufa ndani ya maji ya ardhini bila kuliona jua hata siku moja. Makala haya yanawahusu hao, na yanamhusu zaidi mkulima, mfugaji na mchimbaji wa ukanda wa Shinyanga na Geita ambaye anakunywa maji hayohayo.

Ni wanyama gani hao?

Wengi wao ni wadogo mno. Kundi kubwa ni la jamii ya kamba na uduvi: wapo kopepodi, ambao ni wadogo kuliko punje ya mtama, wapo ostrakodi wenye magamba mawili kama kombe, na wapo amfipodi wanaofanana na uduvi aliyepinda mgongo. Wapo pia minyoo, konokono, utitiri wa majini, mbawakawa na, katika nchi chache, samaki.

Ukiwatazama utaona wanafanana kwa mambo matatu. Hawana rangi, hawana macho au macho yao yamefifia, na miili yao ni myembamba na mirefu ili ipite kwenye nyufa za miamba na kati ya chembe za mchanga. Kwa kuwa chakula ni haba kule chini, hukua polepole, huishi muda mrefu kuliko ndugu zao wa juu na huzaa watoto wachache.

Jambo hilo la mwisho ndilo mkulima anapaswa kulikumbuka. Panya wakifa shambani, baada ya msimu mmoja wamerudi. Wanyama wa maji ya ardhini wakifa katika tabaka moja la maji, huenda vizazi vya wanadamu vikapita kabla hawajarudi, na pengine wasirudi kabisa.

Kazi yao ni kula. Hula bakteria na utando unaoota kwenye mchanga na kwenye kuta za nyufa, na pia mabaki ya majani yaliyoshuka na maji ya mvua. Kwa kula na kupita huku na huko hupunguza utando huo na kuacha njia za maji wazi. Wataalamu huwafananisha na minyoo ya shambani, ambayo hulainisha udongo bila kudai ujira. Tofauti ni kwamba mnyoo wa shambani tunamwona tukilima.

Miamba ya kwetu

Ukisikia wanyama wa mapangoni, akili inakwenda kwenye mapango ya chokaa kama ya Amboni, Tanga. Ukanda wa dhahabu hauna mapango ya namna hiyo. Shinyanga na Geita zimekaa juu ya miamba ya kale sana, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5: granaiti kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine mikanda ya miamba ya kijani yenye asili ya volkano, ambayo ndiyo imebeba dhahabu ya Geita na Bulyanhulu.

Granaiti yenyewe haipitishi maji. Maji hukaa kwenye nyufa zake na kwenye tabaka la mwamba uliooza lililo juu yake. Ndiyo maana kisima kimoja hutoa maji mwaka mzima, na kingine kilichochimbwa hatua mia mbili kutoka hapo hutoka kikavu. Wananchi wa Kishapu na Kahama wanalijua hilo kwa gharama ya mifuko yao.

Juu ya miamba hiyo udongo umepangika kwa ngazi, kama Wasukuma walivyoupa majina zamani: juu kwenye vilima vya mawe, kisha luseni yenye mchanga, kisha itogolo iliyoshikana, na chini kabisa mbuga nyeusi, mara nyingi yenye vipande vya chokaa. Ni katika ardhi hii ya Usukuma ambako mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, katika miaka ya 1930, alichota mifano ya nadharia yake ya mpangilio wa udongo kutoka kilimani hadi bondeni, nadharia inayofundishwa duniani hadi leo.

Mpangilio huo una maana kwa wanyama tunaowazungumzia. Katika mito ya mchanga kama Manonga, maji hutembea ndani ya mchanga hata wakati wa kiangazi, pale akina mama wanapochimba vidimbwi kuteka maji. Mchanga huo unaungana kwa kilomita nyingi, hivyo mnyama anayeishi humo anaweza kusambaa mbali. Lakini kwenye nyufa za granaiti kila mfuko wa maji ni kama kisiwa. Anayeishi katika kisiwa hicho hana pa kwenda, na katika nchi zilizofanya utafiti imeonekana mara nyingi kwamba aina inayopatikana katika mfuko mmoja haipatikani mahali pengine popote.

Isitoshe, ukanda huu ni mgongo wa kugawa maji. Mvua ya Geita hutiririka zaidi kwenda Ziwa Victoria, wakati maji ya Manonga huelekea Wembere na Ziwa Kitangiri bila kufika baharini. Kwa hesabu za wanabayolojia, mahali pa namna hiyo ndipo pa kutarajia tofauti kubwa za viumbe katika eneo dogo.

Afrika na kwingineko

Msomaji anaweza kudhani haya ni mambo ya Ulaya. Sivyo. Huko Somalia, katika miaka ya 1920, wanasayansi wa Italia waliandika habari za aina tatu za samaki wasioona ambao huishi katika maji ya ardhini na kuonekana kwenye visima na chemchemi. Ni visima ambavyo wafugaji wa huko wamekuwa wakinyweshea ngamia na ng'ombe. Mmoja wao, Phreatichthys andruzzii, amekuwa maarufu katika maabara za dunia kwa sababu saa yake ya mwili haifuati tena usiku na mchana.

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwenye mapango ya Mbanza-Ngungu, yuko samaki Caecobarbus geertsii, aliyetambuliwa mwaka 1921. Biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Namibia nayo ina kambale wake kipofu katika pango la Aigamas.

Lakini mfano unaotugusa zaidi uko Australia Magharibi. Eneo la Yilgarn, penye mji wa dhahabu wa Kalgoorlie, limekaa juu ya miamba ya kale ya namna ileile ya kwetu: granaiti na mikanda ya kijani. Hadi miaka ya 1990 wataalamu wengi waliamini Australia ni maskini wa wanyama wa chini ya ardhi kwa kuwa ni kame na ina mapango machache. Walipoanza kushusha nyavu ndogo kwenye visima, tena vingi vikiwa vya wafugaji na vya kampuni za utafutaji madini, picha ikageuka. Zilipatikana aina zipatazo 100 za mbawakawa wa majini wasioona, karibu kila aina ikiwa katika bonde lake moja la chokaa iliyoganda. Mwaka 2010 watafiti walikadiria kwamba nusu ya magharibi ya bara lile ina aina zaidi ya 4,000 za wanyama wa chini ya ardhi, nyingi zikiwa bado hazijapewa majina.

Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Australia haikuwa maskini, ila ilikuwa haijatazama.

Kuanzia mwaka 2003 mamlaka ya mazingira ya jimbo hilo ina mwongozo unaotaka wanyama hawa wazingatiwe katika tathmini ya miradi inayoweza kuwaathiri, ikiwamo migodi. Inafaa kukumbuka kwamba AngloGold Ashanti, kampuni inayomiliki Mgodi wa Dhahabu wa Geita uliofunguliwa mwaka 2000, inachimba dhahabu pia Australia Magharibi, katika migodi ya Sunrise Dam na Tropicana. Kwa maana hiyo utaratibu huu si mgeni kwa sekta yenyewe.

Hasara iko wapi?

Swali la haki kwa ukurasa wa biashara ni hili: mnyama asiyeonekana ana thamani gani kwa mtu wa Shinyanga anayetafuta maji ya ng'ombe wake?

Jibu la kwanza ni kwamba wanyama hawa ni walinzi wa mlangoni. Sumu ikiingia katika maji, wao hawana pa kukimbilia. Kupotea kwao katika kisima ambacho walikuwamo mwaka jana ni kengele kwamba kuna jambo limebadilika, iwe ni kemikali, chumvi au kushuka kwa kina cha maji.

Na vitu vya kubadilisha maji katika ukanda huu havikosekani. Wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Rwamagasa na kwingineko wamekuwa wakitumia zebaki kukamatia dhahabu kwa miaka mingi. Rwamagasa ilikuwa moja ya maeneo ya mradi wa kimataifa wa zebaki ulioendeshwa na UNIDO kati ya 2002 na 2007. Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi ya zebaki ulianza kutumika mwaka 2017, lakini mialo bado inafanya kazi. Marudio yanayobaki baada ya kuchenjua huuzwa na kuchenjuliwa tena kwa sayanaidi. Juani sayanaidi huvunjika haraka, lakini ikipenya chini ambako hakuna mwanga hukaa muda mrefu zaidi.

Yapo pia madini ya asili. Mwamba wenye salfa ukichimbwa na kuachwa kwenye hewa na mvua hutengeneza asidi, na asidi huyeyusha arseniki. Watafiti waliopima visima katika mikoa ya Geita na Mara wamekuta baadhi vikiwa na arseniki inayozidi kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni mikrogramu 10 kwa lita. Shinyanga nayo ni miongoni mwa mikoa yenye floraidi nyingi. Kwa muda mrefu nchi yetu iliruhusu hadi miligramu 4 za floraidi kwa lita kabla ya kushusha kiwango hadi 1.5.

Halafu kuna ajali. Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, ulibomoka na tope likafunika makazi na mashamba ya jirani. Tope la juu huonekana, hupigwa picha na hufidiwa. Kinachoshuka chini hakipigwi picha.

Mgodi ukichimbwa chini ya kina cha maji, ni lazima maji yapigwe pampu ili watu wafanye kazi. Kina cha maji jirani huweza kushuka, na wakazi wa nyufa hubaki wakavu. Mgodi ukifungwa, kama ulivyofungwa Buzwagi mwaka 2021, pampu huzimwa na shimo huanza kujaa taratibu. Katika hatua zote mbili mtu mwenye kumbukumbu za maji yalivyokuwa mwanzo ndiye mwenye nguvu mezani. Asiye nazo hubaki akilalamika.

Hapo ndipo hasara ya kiuchumi ilipo. Mfugaji anayesema kisima chake kimeharibika huulizwa ushahidi. Bila takwimu za awali hana. Mgodi unaosema haukuharibu nao huulizwa ushahidi. Bila takwimu za awali nao hauna. Matokeo yake ni mgogoro usiokwisha, na migogoro ina gharama kwa pande zote.

Mabomba hayatoshi

Wapo watakaosema suala hili limepitwa na wakati kwa kuwa maji ya Ziwa Victoria yamefika. Ni kweli kwamba mradi uliozinduliwa mwaka 2009, unaochota maji Ihelele na kuyasambaza chini ya KASHWASA, ulikuwa ukombozi kwa miji ya Shinyanga na Kahama, na baadaye maji hayo yakapelekwa hadi Tabora. Migodi mikubwa nayo huchota maji ziwani.

Hata hivyo bomba halifiki kila kitongoji, na ng'ombe hawanywi kwa bili. Vijiji vingi vinategemea visima vifupi, vingine vikiwa urithi wa mradi wa Waholanzi wa visima vifupi wa Shinyanga wa 1974 hadi 1978, ambao jina la mkoa huu lilisafiri nao katika vitabu vya uhandisi wa maji. Bomba likipasuka, hata mtu wa mjini anarudi kisimani. Kwa lugha ya benki, maji ya ardhini ni akiba, na mwenye busara hatupi kitabu cha akiba eti kwa sababu amepata mshahara.

Somo la Texas na la Yeelirrie

Je, kuwatambua wanyama hawa si kujifunga kamba? Mifano miwili inajibu kwa njia tofauti.

Huko Texas, Marekani, tabaka la maji la Edwards linahudumia jiji la San Antonio pamoja na wakulima wa umwagiliaji, na ndani yake na kwenye chemchemi zake wanaishi wanyama adimu, akiwamo salamanda kipofu. Mwaka 1991 wanaharakati wa mazingira walifungua kesi wakidai uvutaji wa maji unawaua. Walishinda, na mwaka 1993 bunge la jimbo likaunda mamlaka ya kugawa vibali na kuweka ukomo wa maji yanayovutwa. Wakulima walinung'unika. Lakini kibali kilipokuwa na ukomo kikawa mali, na leo mkulima anaweza kukiuza au kukikodisha. Mnyama asiyeona akawa sababu ya maji yaliyokuwa ya mwenye pampu kubwa kuwa na hesabu.

Yeelirrie, Australia Magharibi, mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 2016 mamlaka ya mazingira ilishauri mgodi wa urani usiruhusiwe kwa sababu ungeweza kufuta kabisa baadhi ya aina za wanyama wa chini ya ardhi. Januari 2017 serikali ya jimbo iliruhusu, ikitanguliza manufaa ya uchumi. Unaweza kuupinga uamuzi huo, lakini huwezi kusema ulifanywa gizani. Waliopima walijulikana, kilichopimwa kilijulikana, na aliyeamua alijulikana.

Msimamo wa makala haya si kwamba dhahabu iachwe kwa ajili ya uduvi. Dhahabu inalipa mishahara, mrabaha na ushuru wa huduma kwa halmashauri. Tunachosema ni kwamba uamuzi ufanywe macho yakiwa wazi.

Nini kifanyike

Kwanza, sheria zipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka tathmini ya athari kwa miradi mikubwa na inalinda mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa na mabwawa. Tatizo ni kwamba maji ya ardhini hayana kingo za kupimia hatua. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inaziba sehemu ya pengo hilo kwa vibali vya maji ya ardhini na kwa uwezo wa kutangaza maeneo yanayodhibitiwa. Bodi za maji za mabonde, la Ziwa Victoria na la Kati, zinaweza kutumia vibali hivyo kudai kwamba visima vya uangalizi vya migodi vishushiwe wavu kila anapokuja mtu kuchukua sampuli ya kemikali. Gari limeshalipiwa mafuta, fundi yuko pale, na wavu ni kitambaa chenye matundu madogo kuliko ya chujio la tui.

Pili, marekebisho ya sheria ya madini ya 2017 yanaitaka migodi kuandaa mipango ya uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Madarasa na zahanati ni muhimu, lakini sehemu ndogo ya fedha hizo ikilipia vijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Sokoine au Nelson Mandela kuchora ramani ya maji na viumbe wake, kijiji kitakuwa na kumbukumbu ambayo hakuna mgodi unaoweza kuihamisha.

Tatu, vyombo vya watumia maji vijijini chini ya RUWASA vifundishwe kusoma dalili. Ukikuta kwenye ndoo kijidudu cheupe kama kipande cha uzi kinachoogelea, usikimbilie kumwaga dawa kisimani. Huenda ni mwenyeji. Lakini ukikuta viluwiluwi vya mbu, vyura au ukijani, ujue kisima kiko wazi na maji ya juu yanaingia, pamoja na kinyesi cha mifugo na dawa za pamba. Funika kisima, ziba nyufa za zege, na hamisha josho. Kwa vyovyote maji ya kunywa yachemshwe, na arseniki na floraidi zipimwe maabara, maana hizo hazionekani kwa jicho wala haziondoki kwa kuchemsha.

Nne, tusisahau ngitili. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986 na kumalizika 2004, ulirudisha miti na majani katika ardhi iliyokuwa imegeuka vumbi. Wengi wanaukumbuka kwa kuni na malisho. Lakini ardhi yenye majani ndiyo inayoyapa maji ya mvua muda wa kuzama, na majani yanayooza ndiyo yanayopeleka chakula kwa wakazi wa chini. Anayelinda ngitili analinda kisima chake bila kujua.

Wachimbaji wa Nyangalata waliokolewa kwa sababu kule chini palikuwa na maji na uhai. Juu yao kuna maelfu ya kaya ambazo kila asubuhi hushusha ndoo kuelekea gizani, zikiamini kitakachopanda ni salama. Ni wajibu wa bodi za mabonde, halmashauri na migodi kushusha wavu pamoja na ndoo hizo, na kuanza kuhesabu sasa, kabla shimo jingine halijafunguliwa na jingine halijafungwa.